Namna ya Kuamua kwa Haki Muongo Uliokuwa Bora Zaidi kwa Gemu

Katika mabanda ya gemu ya Mwanga na Ujiji, mjini Kigoma, swali la miaka ipi ilikuwa na gemu bora kuliko zote huzuka hasa umeme unapokatika na wachezaji wakabaki wamekaa na pedi mikononi, na mara nyingi huisha bila jibu, kwa sababu kila mmoja huitetea ile miaka aliyokuwa na umri wa kati ya kumi na kumi na sita. Aliyekulia kwenye kaseti husema baada ya Mario hakuna kitu, wa PlayStation 2 humcheka, na kijana wa Free Fire, gemu ya simu, huwaona wote wawili wazee. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuandaa kikao kitakachotoa jibu linaloweza kutetewa mbele ya mtu yeyote, jibu lililotokana na kucheza na kulinganisha, badala ya kushindana kwa sauti.

Sababu ya kulichukulia suala hili kwa uzito ni kwamba gemu zimewalea watu wengi waliokuwa watoto hapa mjini kwa zaidi ya miaka thelathini sasa, na hata hivyo hatuna mazoea ya kuzichambua kama tunavyochambua muziki au mpira. Mtu anayeweza kukueleza kwa nini kiungo fulani ni bora kuliko mwingine, pasi kwa pasi, akiulizwa kwa nini anaipenda gemu fulani hujibu tu kwamba ni kali. Kikao kizuri humsaidia mtu huyo kusema zaidi ya hapo.

Anzeni na tarehe

Kanuni ya kwanza, ambayo ikivunjwa hukumu yote huharibika, ni kwamba gemu huhesabiwa katika mwaka ilipotoka mara ya kwanza kikamilifu popote duniani, na si mwaka ilipofika Kigoma. PlayStation 2 iliuzwa kwa mara ya kwanza Japani mwezi Machi 2000. PlayStation 3 ilifuata mwaka 2006 na PlayStation 4 mwaka 2013, lakini katika mabanda yetu PS2 iliendelea kuingiza hela muda mrefu baada ya hapo. Mashine zilikuja zikiwa zimetumika, kwa treni au kwa basi kutoka Dar es Salaam, diski za kunakili zilikuwa rahisi, fundi wa mtaani aliweza kubadilisha lenzi, na gemu zake hazikuhitaji intaneti. Kwa miaka mingi mji huu ulitegemea umeme wa majenereta ya mafuta, nje ya gridi ya taifa, na mwenye banda hakuwa na haraka ya kuweka mtaji mkubwa kwenye mashine mpya ambayo ingeweza kuungua. Ndiyo maana utamkuta kijana anayeapa kwamba GTA San Andreas ni gemu ya miaka ya 2010, kwa kuwa ndipo alipoicheza, ilhali ilitoka mwaka 2004.

Mambo ni hayo hayo kwa gemu ya nyoka. Nokia iliiweka kwenye simu ya 6110 mwaka 1997, kwa hiyo ni mali ya miaka ya 1990, ingawa wengi wetu tuliikuta kwenye simu za wazazi miaka kadhaa baadaye. Kaseti za mashine za kuiga za Kichina zilizoandikwa kuwa zina gemu 999 zilikuwa zimejaa kazi za miaka ya 1980, kama Contra ya 1987 na Super Mario Bros. ya 1985, na mtoto wa Kigoma aliyezicheza mwaka 1997 alikuwa akicheza gemu zilizotengenezwa kabla hajajua kusoma.

Kwa hiyo, kabla ya kikao, andikeni kwenye karatasi kila gemu itakayotajwa na mwaka wake, na karatasi hiyo ibandikwe ukutani ili pasiwe na mabishano katikati ya kazi. Muongo uanze na mwaka unaoishia na sifuri na umalizike na unaoishia na tisa. Gemu iliyotengenezwa upya kwa picha mpya ihesabiwe kama kazi ya mwaka wake mpya. Diski za gemu ya mpira ya PES 6 zilizobandikwa vikosi vya misimu ya karibuni zibaki za 2006, kwa kuwa mchezo wenyewe haukubadilika. Kwa gemu zilizoanza kama majaribio, kama Minecraft iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2009 na kukamilika mwaka 2011, tumieni mwaka wa kukamilika.

Kubalianeni maswali ya kupimia

Watu wakiachwa huru, hupima kwa picha, na picha ndicho kipimo kibovu kuliko vyote, kwa kuwa kila muongo utaushinda uliotangulia na kikao kitakuwa kimekwisha kabla hakijaanza. Napendekeza maswali manne. La kwanza ni uvumbuzi: muongo huo ulileta nini ambacho gemu za leo bado zinakitumia? La pili ni uhai: mtu ambaye hajawahi kuiona gemu hiyo, akipewa leo, ataendelea kuicheza bila kulazimishwa? La tatu ni upana, yaani aina ngapi tofauti za gemu nzuri zilipatikana katika miaka hiyo kumi. La nne ni ufikikaji: mtu wa kipato cha kawaida, katika mji kama wetu, aliweza kuicheza na kuimaliza bila kuendelea kudaiwa fedha?

Swali la uhai ndilo la kupewa muda mwingi, kwa kuwa ndilo pekee linaloweza kujibiwa kwa ushahidi mliouona wenyewe. Wazee wa Ujiji wanaocheza bao chini ya mwembe hawahitaji bao jipya kila mwaka, kwa sababu kanuni zake zinatosha kuwashughulisha maisha yote. Gemu yenye uhai hupimwa vivyo hivyo, kwa kanuni zake na si kwa rangi zake. Tetris, iliyobuniwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow katikati ya miaka ya 1980, haina mhusika, haina hadithi, na bado mtu akiishika anasahau chai.

Swali la ufikikaji nalo lisidharauliwe kwa kudhani kwamba ni la kifedha tu. Diski ya mwaka 2004 iliyotunzwa vizuri inasoma hadi leo bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa upande mwingine, gemu ya magari The Crew ya mwaka 2014 ilizimwa mwaka 2024 wakati kampuni ya Ubisoft ilipofunga seva zake, yaani kompyuta zilizoiendesha kupitia intaneti, na hata waliokuwa wameinunua hawakuweza tena kuicheza. Hilo ni jambo la kupimwa, kwa kuwa kazi isiyoweza kuchezwa haina namna ya kujitetea mbele ya waamuzi.

Vifaa, na kosa la kasi

Kama mnaweza kupata televisheni ya chogo, itumieni kwa gemu zote za kabla ya mwaka 2006. Gemu hizo zilitengenezwa kwa kioo hicho, na ukibonyeza kitufe, mchezaji huruka papo hapo. Televisheni bapa nyingi huchelewa kidogo kwa sababu huichakata picha kwanza kabla ya kuionyesha, na ucheleweshaji huo mdogo unatosha kumfanya Mario atumbukie shimoni na mwamuzi aseme gemu ya zamani ina vidhibiti vibaya. Ikibidi kutumia televisheni bapa, ingieni kwenye mipangilio na kuwasha hali ya gemu ambayo nyingi zinayo.

Kuna jambo lingine ambalo wachezaji wengi hapa nchini hawajaelezwa. Tanzania ilikuwa ikitumia mfumo wa televisheni wa PAL, wenye kasi ya mizunguko 50 kwa sekunde, wakati Japani na Marekani zilitumia mizunguko 60. Gemu nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zilibuniwa kwa 60, na zilipohamishiwa PAL bila marekebisho zilipungua kasi kwa karibu asilimia 17, na mara nyingi zikaongezewa ukanda mweusi juu na chini ya picha. Sonic wa 1991, ambaye sifa yake yote ni mbio, anapochezwa hivyo anakuwa mzito, na muziki wake unaburuta. Tafuteni toleo la Japani au la Marekani kila inapowezekana, na mhakikishe kwamba televisheni inalipokea kwa rangi, kwa kuwa baadhi ya televisheni za chogo huonyesha picha nyeusi na nyeupe.

Kwa mashine zisizopatikana tena, tumieni kompyuta yenye emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani, pamoja na pedi halisi ya kuchomeka. Msikubali gemu ya vitufe ichezwe kwa kugusa kioo cha simu, kwa kuwa kidole hakikisikii kitufe na mchezo hubadilika kabisa. Makampuni mengi yameyauza tena makusanyo ya gemu zao za zamani kwa mashine za sasa, na hiyo ndiyo njia safi zaidi kwa anayeimudu. Kuhusu umeme, fanyeni kikao mchana, muwe na betri ya akiba au jenereta ndogo, na kila anayecheza asevu kwenye memori kadi mara kwa mara.

Waamuzi

Chagueni watu wa rika tofauti, wasipungue sita, na angalau wawili wawe hawajazoea gemu. Waalikeni wasichana kwa makusudi. Mabanda yetu mengi yamewafukuza kwa maneno na kwa macho, na matokeo yake ni kwamba tumekuwa tukiuliza nusu ya mji na kudai kwamba tumeusikia wote. Mwenye kuendesha kikao asipige kura.

Kila gemu ichezwe kwa dakika ishirini, na asiyeijua ndiye ashike pedi kwanza. Anayeijua akae kimya. Hili ni gumu kuliko linavyosikika, lakini bila ukimya huo hamtajua kama gemu inajieleza yenyewe. Andikeni mambo mawili tu: mchezaji alielewa cha kufanya baada ya muda gani, na muda ulipokwisha aliomba kuendelea au aliikabidhi pedi kwa hiari. Mwekeeni mgeni gemu ya ngumi ya Tekken 3, iliyofika PlayStation mwaka 1998, na mumpe mhusika Eddy Gordo. Atabonyeza vitufe viwili vya mateke bila mpango, Eddy atazunguka chini kwa mikono kama mcheza kapoera, mchezo wa mapigano wa Brazili, alivyo, na huenda mgeni akamwangusha mtu mwenye miaka kumi ya uzoefu. Baada ya mechi tatu au nne, mzoefu atakuwa amejifunza kusubiri, kuzuia chini na kupiga mzunguko unapoisha, na mgeni ataanza kuuliza jinsi ya kuzuia. Gemu inayomfurahisha mgeni tangu dakika ya kwanza na bado ikamwachia njia ya kujifunza ina alama kamili katika swali la uhai.

Kuipitia miongo

Miaka ya 1970 ipitieni haraka. Pong ya Atari ya 1972 na Space Invaders ya Taito ya 1978 ni mizizi ya kila kitu, lakini muongo huo hauna upana wa kuweza kushinda.

Miaka ya 1980 ina uvumbuzi mkubwa na kasoro moja ambayo lazima ielezwe. Gemu nyingi za wakati huo zilizaliwa kwenye mashine za kutumbukiza sarafu, na mashine hizo zilitakiwa kumtoa mchezaji upesi ili mwingine alipe. Ugumu wake, kwa hiyo, mara nyingi ulikuwa wa kibiashara. Biashara yenyewe iliporomoka Marekani mwaka 1983 kwa wingi wa gemu mbovu, na Nintendo ikaifufua kwa mashine yake iliyoingia sokoni huko mwaka 1985. Super Mario Bros. nzima ina ukubwa wa kilobaiti 40 tu, pungufu ya picha ya kawaida unayotumiwa kwa simu, na ndani yake hatua ya kwanza inakufundisha kukimbia, kuruka na kukanyaga bila neno hata moja. Alama za uhai na uvumbuzi zitakuwa za juu. Upana utakuwa wa wastani.

Miaka ya 1990 ndiyo itakayowachukua muda mrefu zaidi. Shigeru Miyamoto na wenzake wa Nintendo walianza muongo huo na Super Mario World ya 1990, ambayo ni gemu ya picha bapa, yaani ya pande mbili, isiyo na kasoro ninayoweza kuitaja, na kufikia 1996 walikuwa wametoa Super Mario 64, ambamo mchezaji anakimbia katika ulimwengu wa pande tatu huku akiigeuza kamera mwenyewe. Doom ya 1993 ilionyesha namna ya kupigana kwa macho ya mhusika na kuunganisha kompyuta kadhaa katika pambano moja. Street Fighter II ya 1991 iliweka misingi ya gemu za ngumi. Zelda ya 1998, Ocarina of Time, ilieneza kitufe cha kumlenga adui mmoja ili kamera ibaki ikimwangalia katika pande tatu, mbinu inayotumika mpaka sasa. Mwaka 1997 Sony ilitoa pedi ya DualShock yenye vijiti viwili vya kuzungusha kwa vidole gumba na mtetemo, na pedi unayoishika leo bado ina umbo hilo. Mfululizo wa Winning Eleven wa Konami, ambao sisi tunaujua kama PES, ulianza Japani mwaka 1995, na FIFA ya kwanza ilitoka mwishoni mwa 1993, hivyo hata mpira wa kwenye kioo kama tunaoujua ni mtoto wa muongo huu.

Sababu moja ya kiufundi ilichangia sana. CD ilibeba takribani megabaiti 650, wakati kaseti kubwa kabisa za Nintendo 64 zilibeba 64, na CD ilikuwa rahisi zaidi kuizalisha. Watengenezaji waliweza kujaribu mambo mapya bila kuhatarisha fedha nyingi kwa kila nakala. Kasoro pia ziandikwe: gemu za mwanzo za pande tatu zina kamera inayokwama ukutani na nyuso zenye pembe kama maboksi, na mgeni wa leo atalalamika. Mwacheni alalamike, na muandike.

Miaka ya 2000 ndiyo muongo wa moyo wa Kigoma, na msishangae ukiongoza mwanzoni. PS2 iliuzwa zaidi ya nakala milioni 150 na hakuna mashine ya nyumbani iliyowahi kuipita. GTA III ya 2001 iliufungua mji mzima kwa mchezaji, na San Andreas ikaongeza jimbo lenye miji mitatu, majangwa na vijiji katika diski moja. PES 6 ilikuwa na Adriano wa Inter Milan aliyepewa nguvu ya shuti ya 99, na mtu yeyote aliyekaa kwenye benchi la banda anakumbuka kelele za mechi pale anapougeukia mguu wa kushoto akiwa mbali na goli. Mpeni mgeni mechi moja bila kumwambia jambo hilo, na muone kama anaigundua silaha hiyo mwenyewe. Katika ufikikaji kwa mji wetu sioni muongo unaoweza kuukaribia: mashine moja na pedi mbili ziliuhudumia mtaa mzima.

Miaka ya 2010 ilileta gemu kwenye simu ya kila mtu, na hilo ni jambo kubwa. Minecraft imeuzwa zaidi ya nakala milioni 300, na Breath of the Wild ya 2017, ya mfululizo wa Zelda, ni kazi ya kiwango cha juu kabisa. Hata hivyo, ndio muongo uliozoeza watu gemu za bure zinazodai fedha ndani. Kijana anayecheza Free Fire, iliyotoka 2017, haombwi kiingilio, lakini kila siku anaonyeshwa nguo na silaha za kununua kwa almasi, sarafu ya ndani ya gemu, na bando linaendelea kuliwa. Mpeni muongo huu alama za juu za upana, na mlijadili swali la ufikikaji kwa makini, kwa kuwa kuingia bure na kucheza bure ni vitu viwili. Miaka ya 2020 isipigiwe kura kabla ya mwisho wa 2029.

Kura

Kabla mashine haijawashwa, kila mwamuzi aandike kwenye karatasi muongo anaoupenda, aikunje na kuiweka kwenye boksi. Baada ya michezo yote, atoe alama kuanzia 1 hadi 5 kwa kila swali na kwa kila muongo. Alama za uhai zizidishwe kwa mbili, kwa sababu zimetokana na mlichokishuhudia. Jumlisheni, kisha fungueni boksi na kulinganisha. Ambaye muongo wake wa boksi na wa alama ni tofauti aeleze ni gemu ipi iliyomhamisha, na aliyebaki palepale aeleze ni ipi iliyomtikisa. Sehemu hii ndiyo yenye faida kuliko tangazo la mshindi, kwa hiyo msiifanye watu wakiwa wameanza kuondoka.

Kwa hukumu yangu, miaka ya 1990 inastahili kushinda. Muongo wa 2000 ulitupa ushirika wa banda na gemu zilizokomaa, lakini ukomavu huo ulisimama juu ya pedi, kamera, ngumi na mpira vilivyovumbuliwa katika miaka kumi iliyotangulia, na hakuna muongo mwingine ambamo gemu zilianza zikiwa kitu kimoja na kumalizika zikiwa kitu kingine kabisa. Miongo miwili ikilingana alama, mpeni ushindi ule wenye alama nyingi za uhai. Zikilingana na hapo, chukueni gemu moja ya kila upande ambayo hakuna mwamuzi aliyeicheza, na mrudie zile dakika ishirini.

Matokeo yaandikwe yakiwa na orodha ya gemu zilizochezwa, miaka yake, aina ya televisheni, umri wa waamuzi na alama zote, ili wachezaji wa Kasulu au Tabora wakitaka kuyapinga waweze kuandaa kikao chao kwa masharti yale yale.